Majoka Ruhusa Darasani, Marufuku Jukwaani

Kuanzia 2018, kwa miaka kadhaa mfululizo, kila mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, alilazimika kumjua Majoka. Huyu ndiye mtawala wa Sagamoyo katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Majoka anafunga soko la Chapakazi ambako wanyonge wanachumia riziki. Anafungia runinga ya Mzalendo kwa kosa la kuonyesha maandamano. Anamtaka Sudi amchongee kinyago cha shujaa, na Sudi anakataa hata baada ya kuahidiwa donge nono. Hatimaye umma unamgeuka mtawala huyo, na anayeongoza ni Tunu, binti aliyesoma na asiyenunulika.

Kitabu hicho hakikuingia shuleni kwa magendo. Kiliteuliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, kikatahiniwa na baraza la mitihani la serikali hiyohiyo, na kwa kuwa Kiswahili kilikuwa somo la lazima, zaidi ya nusu milioni ya vijana walikalia mtihani wake kila mwaka. Mwishoni mwa Januari 2018, serikali ilipozima matangazo ya NTV, Citizen na KTN kwa sababu ya kiapo cha kiongozi wa upinzani Raila Odinga, aliyejiapisha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na tamthilia mikononi inayowaeleza ni mtawala wa aina gani hufanya hivyo. Hakuna waziri aliyesema kitabu kiondolewe.

Sasa tuje Nakuru, Aprili 10, 2025. Wasichana wa shule ya upili ya Butere, kutoka kaunti ya Kakamega, walikuwa waigize mchezo wao Echoes of War katika tamasha za kitaifa za drama. Mchezo wenyewe unahusu nchi ya kubuni iliyotoka vitani na vijana waliokosa imani na wanaowatawala. Ulikuwa umeenguliwa njiani kuelekea kitaifa, Mahakama Kuu ya Kisii ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Usiku wa kuamkia siku ya maonyesho, mwandishi na mwelekezi wao, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikamatwa alipokwenda kuwafanyisha mazoezi. Alilala kituoni, kisha akaachiliwa bila mashtaka. Asubuhi polisi walifukuza watu na waandishi wa habari kwa vitoa machozi. Wasichana walipopanda jukwaani hawakuwa na hadhira, wala mwelekezi wao hakuwepo. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka.

Tangu siku hiyo mjadala umekuwa juu ya swali moja: siasa ina nafasi shuleni au haina? Kwangu swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Siasa imo shuleni, tena imewekwa na serikali kwa mkono wake, ikachapishwa na kupigwa muhuri. Linalotofautisha Kigogo na Echoes of War ni nani anatamka maneno na anatamkia wapi. Tunu akisema katika ukurasa wa kitabu, mwanafunzi ananukuu. Msichana wa Butere akisema jukwaani, maneno yanakuwa yake, na mbele yake ameketi mtu mzima anayepaswa kusikiliza. Hilo la pili ndilo lililoletewa polisi.

Hii si mara ya kwanza kwa shule hiyo. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom, ulioandikwa na Malala huyohuyo kabla hajawa na jina kubwa kitaifa, ulipigwa marufuku ukiwa njiani kwenda tamasha za kitaifa. Ulikuwa unasimulia jamii yenye mafuta ardhini na jamii nyingine inayokuja kuyafaidi, na hii ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya mafuta kugunduliwa Turkana. Walioupinga walisema unachochea chuki za kikabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye leo ni seneta wa Busia, alikwenda mahakamani, na marehemu Jaji David Majanja akaamuru mchezo uonyeshwe. Msimamo wake ulikuwa kwamba sanaa haipo kwa ajili ya kuburudisha tu, ipo pia kutuamshia dhamiri tuyatazame maswali magumu ya wakati wetu. Mchezo ukaonyeshwa, na Kenya haikuchomeka.

Miaka kumi na miwili ikapita na somo likasahaulika, ingawa safari hii wizara ilikuja na hoja nyingine. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji mwanasiasa ambaye si mwalimu ana kazi gani na wanafunzi. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana ina watu wengi nyuma yake, wakiwemo wazazi ambao hawaipendi serikali hata chembe.

Malala si mwandishi aliyejifungia chumbani na kalamu yake. Aligombea ugavana wa Kakamega mwaka 2022 akashindwa, akawa katibu mkuu wa chama tawala cha UDA mwaka uliofuata, akang'olewa 2024, kisha akaandika mchezo unaoonekana kuisuta serikali aliyokuwa akiitetea kwenye vipaza sauti juzi tu. Mzazi wa Butere ana haki ya kuuliza kama binti yake anafundishwa kufikiri au anatumiwa kulipiza kisasi cha mtu mzima. Nadhani ni swali la haki kabisa. Ningekuwa na binti pale, ningeuliza.

Ila nia ya mwandishi haikuwahi kuwa kigezo chetu cha kuamua mtoto asome nini. Tungekuwa tunapima nia, maktaba nusu zingebaki tupu, maana waandishi wa Afrika Mashariki wameandika wakiwa na hasira, kinyongo cha kisiasa, na chama mfukoni. Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi Kenya: Twendapi? mwaka 1968 akiwa mpinzani wa wazi wa serikali ya Jomo Kenyatta, na kikamfunga gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyaandika humo gerezani yalichapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakatunukiwa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta. Nia ya mfungwa haikubadilika kati ya 1969 na 1974. Serikali ndiyo iliyoona kwamba maneno yakishakuwa kitabu, yakiwa na jalada na tuzo, hayaumi tena.

Na kama tatizo ni wanasiasa kuwatumia watoto, tuwe wakweli. Waliosoma miaka ya themanini wanakumbuka ahadi ya uaminifu kwa Rais Moi iliyokaririwa gwarideni, wanakumbuka maziwa ya Nyayo waliyogawiwa shuleni na nyimbo za kwaya zilizomsifu Mtukufu Rais mstari kwa mstari. Mtoto wa darasa la tatu aliimba sifa za kiongozi asiyemjua, na hakuna afisa wa elimu aliyesema watoto wanaingizwa siasani. Hata leo, washindi wa tamasha hizihizi za drama na muziki hualikwa kumtumbuiza Rais Ikulu, na kila mwalimu anayeandaa kwaya anajua ni shairi la aina gani lina nafasi kubwa ya kufika huko. Kusifu kunahesabiwa kuwa uzalendo. Kusuta kunahesabiwa kuwa siasa. Mwenye kupanga hesabu hiyo ni yuleyule anayesifiwa.

Kinachonisumbua zaidi ya Nakuru ni kinachotokea katika darasa la kawaida, siku ya Jumanne, kipindi cha fasihi baada ya mapumziko ya saa nne. Hapo hakuna polisi, na labda ndiyo maana hatupaangalii.

Nenda katika shule yoyote ya kaunti utazame jinsi kitabu teule kinavyofundishwa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, ina alama 80 na maswali manne ya kujibiwa, na mwalimu anajua jinsi kila alama inavyopatikana. Ukipewa dondoo na kuambiwa ueleze muktadha wake kwa alama nne, unataja msemaji, unataja msemewa, unataja mahali, unataja sababu. Alama nne hizo hapo, kaa chini. Enzi za Kigogo, ukiulizwa sifa za Tunu, ulikuwa na orodha: jasiri, mzalendo, mtetezi wa haki, mwenye msimamo thabiti. Ukiulizwa maudhui, una uongozi mbaya, ufisadi, ukatili, tamaa, nafasi ya mwanamke. Mwongozo wa duka la vitabu umeyapanga yote haya kwa nukta, na wanafunzi wengi wamesoma mwongozo kuliko walivyosoma tamthilia yenyewe. (Walimu wenzangu watanikasirikia kwa kusema hivyo, lakini wanajua.)

Katika mfumo huo, mapinduzi ya Sagamoyo yanakuwa nukta sita za kukariri. Mwanafunzi anaweza kupata alama 20 kwa 20 za "Jadili jinsi uongozi mbaya ulivyoendelezwa" bila hata mara moja kuulizwa kama anakubaliana na Tunu, kama Sudi alifanya ubinafsi kumkatalia Majoka wakati nyumbani kuna njaa, au kama umma wa Sagamoyo ulikuwa na njia nyingine. Hayo ni maswali ya kisiasa, na hayana jibu katika mwongozo. Mwalimu anayeyauliza anapoteza kipindi ambacho angekitumia kumaliza silabasi, na anaweza pia kujipatia mzazi au afisa anayetaka kujua kwa nini darasa lake linajadili serikali.

Ndiyo maana Majoka hakuogopwa. Mtihani ulishamfunga kamba. Alisomwa na vijana wengi kuliko walioona Echoes of War mara mia, na bado hakumtisha mtu, kwa kuwa waliomsoma waliambiwa mapema nini cha kuona ndani yake na kwa alama ngapi. Serikali inayoruhusu kitabu kikali kifundishwe kwa namna hii haijalegeza kamba hata kidogo, kwani mwanafunzi anahitimu akijua kwamba upinzani ni jambo la kunukuliwa.

Kejeli ni kwamba mtaala mpya, ule wa umilisi tulioanza nao rasmi 2019, umeandika waziwazi kwamba mtoto anapaswa kutoka shuleni na uwezo wa kufikiri kwa kina, wa kutatua matatizo, na wa kuwa raia. Uraia umo katika orodha ya umilisi saba wa msingi. Kizazi cha kwanza cha mtaala huo kilikuwa tayari katika sekondari ya chini wakati vijana wakubwa zaidi walipojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao wakauawa. Mwaka mmoja haukutimia, na wasichana wa sekondari wakapigiwa vitoa machozi walipojaribu kuonyesha umilisi huohuo wa uraia. Sijui mwalimu anayefundisha uraia alianzaje kipindi chake muhula uliofuata.

Lakini nisijifanye kwamba kufungua mlango ni kazi rahisi. Mfano mgumu kuliko Butere ni riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa sambamba na Kigogo. Riwaya inaanza na daktari Ridhaa akiwa juu ya majivu ya nyumba yake. Familia yake imeteketezwa na jirani aliyeishi naye miaka mingi, Mzee Kedi, baada ya uchaguzi kumpa ushindi mwanamke, Mwekevu. Majina ya makabila hayatajwi, ila msomaji wa Kenya hahitaji kutajiwa. Ghasia za 2007 na 2008 ziliua zaidi ya watu 1,100, na kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa watu wakiwa ndani siku ya mwaka mpya.

Fikiria mwalimu wa Eldoret au Molo akiwa na darasa la vijana hamsini. Baadhi yao walibebwa mgongoni wakikimbia; wengine walizaliwa katika nyumba ambazo wenzao wanaamini ndiko walikotoka waliochoma. Hakuna anayejua ni nani ni nani, au kila mtu anajua na hakuna anayesema. Kisha mwalimu huyo anapaswa kuuliza: Kwa nini Kedi alifanya hivyo? Akiuliza vibaya, darasa linagawanyika na wazazi wanafika kesho yake. Akikwepa, anawafundisha vijana kwamba jambo kubwa kuliko yote lililoipata nchi yao ni "athari za ghasia baada ya uchaguzi, nukta tano". Wengi wanakwepa, na siwalaumu. Mwalimu wa serikali anajua barua ya uhamisho ina uzito gani, na hakuna waraka unaomlinda mwenye kufundisha jambo nyeti vizuri. Ukikosea uko peke yako.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaharakati wanaotaka tuseme tu "uhuru wa kujieleza" tukanyamaza. Uhuru upo, na uko imara: ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inaulinda ubunifu wa kisanaa kwa jina, na inaacha nje mambo machache tu, yakiwemo propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Ibara ya 24 nayo inasema haki ikipunguzwa, ipunguzwe kwa sheria na kwa kiasi kinachohalalika. Hizo ni silaha nzuri mahakamani, na zimeshinda mara mbili katika kesi za Butere. Lakini amri ya mahakama haikuwapa wasichana hadhira Aprili 2025, na haitampa mwalimu wa Molo ujasiri wa kuuliza swali. Mahakama inaweza kufungua ukumbi. Haiwezi kufundisha.

Kinachokosekana ni kitu kidogo na cha kiofisi kuliko Katiba, yaani sababu zilizoandikwa. Katika kelele zote za Nakuru nilisikia mengi juu ya Malala, juu ya nani alikuwa shuleni usiku, juu ya wapinzani na njama zao. Sikusikia waziri wala afisa wake akisoma mstari mmoja wa mchezo na kusema mstari huu unavunja sheria hii. Pingamizi likielekezwa kwa mtu, kila mchezo unaweza kuzuiwa, kwa maana kila mchezo una mwandishi na kila mwandishi ana upande. Likielekezwa kwa mstari, linaweza kujibiwa. Mstari unaweza kurekebishwa au kuachwa, na watu wakabishana juu yake, na wasichana wenyewe wakiwemo katika ubishi huo. Kumbuka pia kwamba waigizaji wa shule hizi wengi ni wa miaka kumi na sita na kumi na saba, na wanaofikisha kumi na nane kabla ya 2027 watapewa kura mwaka huo.

Kuna mtego katika pendekezo hili, na wanaoufahamu mfumo watauona haraka: afisa akitakiwa kuandika sababu, ataandika sababu za uongo, mchezo utasemwa "haukidhi viwango vya kisanaa" na waamuzi wa ngazi ya kaunti watakuwa wameelewa wanachotakiwa kufanya. Inawezekana. Tayari inafanyika, naamini, katika michezo ambayo hatujawahi kuisikia kwa sababu ilikatwa mapema na shule isiyo na seneta wala wakili. Lakini sababu ya uongo iliyoandikwa na kutiwa sahihi inaweza kupelekwa mahakamani na mwandishi wa habari anaweza kuinukuu. Simu ya usiku kwa mwalimu mkuu haiwezi.

Kwa hiyo wizara ikiona mchezo haufai, ipige mstari chini ya maneno yanayovunja sheria, iandike ni sheria gani, iipelekee shule nakala wiki kadhaa kabla basi halijaondoka, na iwepo kamati isiyo ya polisi ya kusikiliza rufaa. Wakaguzi wa michezo watalazimika kusoma miswada badala ya kusikiliza uvumi, jambo ambalo nashuku ndilo litakalopingwa zaidi. Malala naye au mwanasiasa yeyote anayeandikia shule atajwe wazi kwenye programu, mzazi ajue mapema, na mwalimu wa shule awe na neno la mwisho juu ya mazoezi. Hilo wizara ilikuwa na haki ya kulidai, ila ilidai kwa seli.

Na baraza la mitihani, ambalo halikuonekana Nakuru na halijaulizwa lolote, liongeze swali moja tu katika karatasi ya tatu. Swali lisiwe na orodha ya sifa wala muktadha wa dondoo. Mtahiniwa apewe uamuzi wa mhusika mmoja, aseme kama angefanya vivyo hivyo, na atetee jibu lake kwa ushahidi wa kitabu, huku mwongozo wa kusahihisha ukiwaelekeza wasahihishaji waziwazi kwamba anayemtetea mtu kama Majoka kwa hoja nzuri anapata alama sawa na anayemtetea mtu kama Tunu. Miongozo ya madukani itahangaika namna ya kulijibu swali hilo kwa nukta sita, na walimu watalazimika, kwa ajili ya alama, kufanya kile ambacho leo wanakiogopa: kumwacha mwanafunzi aseme anavyofikiri, kisha wamuulize kwa nini.